Kuteka kwa Mabega

Nyumba ya marehemu Bwana Abdulwahid, pale mtaa wa Langoni mjini Lamu, ilijulikana kwa mambo mawili: kofia zake na kicheko chake. Kofia alizishona mwenyewe kwa mkono, tundu moja moja la nakshi, kitobo kwa kitobo, akiwa amekaa barazani tangu baada ya adhuhuri. Kicheko nacho kilitokana na hizo kofia. Mshona kofia huibana sindano midomoni anaponyoosha uzi, na mtu mwenye sindano midomoni hawezi kuachama akaangua kicheko kama wenzake, akijisahau ataimeza. Basi Bwana Abdulwahid alijizoeza kucheka kwa ndani. Midomo aliibana, mkono akauweka mbele ya kinywa, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakafuata, na sauti hapana. Asiyemjua angedhani mzee amepokea habari ya msiba. Watoto wake wawili, Huwaida na mdogo wake Husni, walikirithi kicheko hicho kabla hata ya kujua kutunga uzi, na hawakuwahi kujifunza kingine.

Na ili tuelewane mapema: Lamu watu hawasemi kucheka. Husema kuteka. Njia ni ndia, nchi ni nti, kichwa ni kitwa, jana ni yana, na kucheka ni kuteka, tangu mababu. Bara, kumteka mtu ni kumnyakua kwa nguvu na kumpeleka asikotaka kwenda. Lamu ni kumwonyesha meno tu. Maneno hayo mawili yenye sauti moja yaliishi kwa amani miaka na miaka, kila moja upande wake wa maji, mpaka serikali ilipoleta masanduku.

Yalikuwa masanduku madogo meupe yenye jicho la kioo, na masikio yake huyaoni. Moja lilifungwa jetini, boti zinapofika, mengine kwenye vichochoro vikubwa na juu ya mabaraza ambako watu hupiga soga. Mradi wenyewe uliitwa Tahadhari. Waliitwa watu mkutanoni, wakapewa soda, wakaelezwa kwamba sanduku humtazama mtu anavyotembea na anavyopumua, huhesabu mapigo ya moyo wake akiwa mbali, husikiliza anachosema, kisha hukadiria kama ana nia ya uovu. Si alilolifanya, bali analokusudia kulifanya. Mzee mmoja akasimama akauliza: je, nia si mahali pake ni moyoni, na aijuaye si Mwenyezi Mungu peke yake? Afisa akafikiri kidogo, akajibu kwamba hili lilikuwa jaribio la miezi kumi na minane tu.

Huwaida aliajiriwa pale kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa amesoma, anajua kompyuta, na juu ya yote ni mtoto wa Langoni. Kazi yake ilikuwa kukaa katika ofisi ya ghorofani, ng'ambo ya jeti, akisikiliza maneno ambayo sanduku limeyatilia shaka, kisha kubonyeza Hatari au Hakuna hatari. Hata kila mlango wa ofisi humo ulikuwa na sanduku lake, lenye taa ndogo ya kijani, manjano na nyekundu, ili wafanyakazi nao wajijue hali zao. Bi Nerea, mkuu wa kituo, alilitundikia la mlango wake shada la maua ya plastiki.

Kabla ya kuanza kusikiliza, Huwaida alipewa kazi ya miezi miwili ya kuikusanyia kamusi ya masanduku maneno ya wenyeji. Karatasi ilikuwa na safu tatu: neno, mfano, maana. Juu yake kulikuwa na maelekezo: kama maana ni ile ile ya Kiswahili cha kawaida, safu ya tatu iachwe wazi. Kazi hiyo aliipenda, tena mno. Alikwenda kijiji cha Kipungani akakaa na wasuka mikeka, akarudi na maneno ya kila aina ya ukili, ule msuko wa mikeka. Alimpigia simu mjomba wake aliyeko kijiji cha Chundwa akamwuliza majina ya magugu. Maneno magumu, yale ambayo vijana wenyewe hawayajui tena, aliyaeleza kwa mistari mitano mitano, akijua marehemu babake angefurahi. Alikusanya mia nne na kumi na mbili.

Neno teka alilifikia jioni moja akiwa amechoka. Aliandika neno. Akaandika mfano: Tuliteka sana. Safu ya tatu akaipita. Ni nani hukaa chini akaeleza maana ya kuteka? Ni kama kumweleza mtu maana ya kupiga chafya. Akatia sahihi chini ya ukurasa, akaenda zake nyumbani.

Basi ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, maji yamekupwa. Skrini ya Huwaida ikawa nyekundu na namba ikatokea: tisini na moja kwa mia. Hajawahi kuona namba kubwa kiasi hicho. Akavaa vidude vya masikioni, na kabla hajasikia neno la pili alikwisha kuitambua sauti.

"Ngoyani apite," ilisema sauti ya Husni. "Leo tutamteka hata alie."

Huwaida alielewa papo hapo ni nani anayengojwa. Kulikuwa na mgeni mmoja wa kofia nyekundu, mtu mnene mwenye heshima zake, ambaye jana yake alipanda punda pale jetini bila kuuliza. Punda akaenda naye vizuri mpaka ukingoni, akasimama ghafla, akainamisha kichwa, na mgeni akatangulia peke yake kwenye tope. Habari ilifika Langoni kabla yeye mwenyewe hajafuta uso. Na leo, kumbe, amerudi kumkodi punda yule yule! Mabega ya Huwaida yalikuwa tayari yanaanza kutikisika alipoona maandishi yaliyo chini ya namba.

Sanduku lilikuwa limeandika hivi: Midomo imebanwa. Kitu chenye ncha mdomoni. Mkono unaficha uso. Mwili unatetemeka. Mapigo ya moyo mia na ishirini na nane. Machozi bila kilio. Maneno: kuteka. Makadirio: mhusika yuko karibu kutenda.

Kicheko kikamkatikia kifuani. Akabonyeza Hakuna hatari, haraka, kama mtu anayezima moto. Skrini ikamwuliza: Je, una undugu na mhusika?

Kulikuwa na Ndiyo na kulikuwa na Hapana. Kidole chake kilisimama hewani. Ingekuwa mimi ninayesimulia, ningebonyeza Hapana na kutubu baadaye, na nadhani Mola angenielewa. Lakini Huwaida alilelewa na mtu aliyekuwa akifumua kofia nzima kwa kitobo kimoja kilichokwenda upande. Akabonyeza Ndiyo.

Asante kwa uaminifu wako, skrini ikamjibu. Maoni yako hayatahesabiwa.

Alikimbilia dirishani. Chini, karibu na jeti, askari wanne walikuwa wamekwisha kulizunguka baraza alilokaa Husni. Vijana wengine walirudi nyuma, na Husni akabaki amekaa, kofia aliyokuwa akiishona mkononi, sindano midomoni, machozi ya kicheko bado mashavuni. Walimpigia kelele aiteme sindano. Akaitoa kwa vidole viwili, taratibu, akaichomeka kwenye kofia kama alivyofundishwa na babake, ili isimchome mtu. Akasimama na kwenda nao pekupeku. Mgeni wa kofia nyekundu alipita juu ya punda wake wakati huo huo, salama salimini, na hakuna aliyemcheka.

"Tevin!" Huwaida aliita.

Tevin ndiye fundi wa mitambo, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, mstaarabu, ambaye kila asubuhi hula mahamri anayotumiwa na Bi Rahima, mamake Huwaida. Alikuja na kikombe chake cha chai. Huwaida alimweleza yote kwa mkupuo mmoja: kuteka, kucheka, punda, sindano, babake. Tevin akasikiliza, uso ukibadilika.

"Aki Huwaida, mimi sikujua," alisema. "Ngoja nicheki kamusi." Akakaa, akapekua. Kisha akaigeuza skrini ili Huwaida naye aone.

Teka, ilisema. Maana: ya kawaida. Imethibitishwa na: Huwaida Abdulwahid.

"Uliacha wazi," alisema Tevin kwa sauti ya chini. "Ukiacha wazi, inachukua ile ya kawaida."

"Basi ibadilishe. Ni neno moja tu, Tevin."

"Siwezi. Kamusi iko Nairobi, wanaipitia kila baada ya miezi minne. Ya mwisho walipitia wiki jana." Aliikuna shingo yake. "Naweza kuandika ombi. Nitaliandika sasa hivi, naapa. Lakini litakaa kwa foleni."

Asiyejua maana haambiwi maana, watu husema. Huwaida alijua maana, na akaitwa kazini kwa sababu ya kuijua, na mahali pake pa kuisema palikuwa safu ya tatu. Alijiona mjinga kuliko mtu yeyote aliyepata kuzaliwa katika mji ule.

Ofisi ya Bi Nerea ilikuwa mlango wa pili. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye uchovu wa watu waliofanya kazi serikalini muda mrefu. Alimwachia Huwaida aseme mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Mimi nakuamini, Bi Huwaida," alisema. "Huu ni mwaka wangu wa pili hapa. Nishasikia mnavyosema."

"Basi mwachie."

"Alama ikipita themanini, si mimi tena ninayeamua. Boti ya saa nane inampeleka Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo ni Nairobi, mahojiano siku thelathini, na wakiona haja wanaongeza."

"Muulizeni mgeni mwenyewe! Hana hata mkwaruzo. Nimemwona anapita."

"Hana mkwaruzo kwa sababu tumewahi," alisema Bi Nerea, na hakulisema kwa ukali; alilisema kama mtu anayesoma barua ambayo hakuiandika yeye. "Ndivyo ripoti itakavyosema. Asingekuwa salama, sanduku lingekuwa limesema kweli. Akiwa salama, sanduku limemwokoa."

Huwaida alitafuta tundu katika maneno hayo, hakuliona. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa mtu wa kumwangukia. Angemkasirikia nani? Tevin anayekula mahamri yao? Mama huyu aliyelipamba sanduku kwa maua?

"Kuna jambo moja," alisema Bi Nerea. "Askari anaandika maelezo ya nduguyo sasa hivi. Akikana waziwazi, nitayaambatanisha na kuyasisitiza. Huko wanaweza kupunguza alama. Nimeshaona ikitokea."

"Niingie nikae naye."

"Wewe ni dadake."

"Basi mtu amwambie atumie neno kucheka. Kucheka, Bi Nerea. Neno moja tu."

Bi Nerea akamtazama kwa huruma ya kweli. "Siwezi kumfundisha mshukiwa la kusema. Hata ningetaka, kila chumba kina sanduku."

Huwaida akashuka chini, maana alikuwa ameambiwa kuna mtu mlangoni. Alikuwa mamake. Bi Rahima alikuwa amesimama juani, buibui limevaliwa kwa haraka, mkononi ameshika ndara za Husni alizoziokota barazani.

"Wamenambia mwanangu meteka mtu," alisema. "Sasa kuteka kumekuwa haramu?"

"Mama, bara kuteka ni kumnyakua mtu na kumficha. Hawa wadhani Husni alitaka kumnyakua mgeni."

Bi Rahima alizigeuza zile ndara mkononi, akatafakari. "Husni? Huyo huogopa paka." Kisha akasema, "Huteka kama babake, kwa mabega. Hayui kuteka kwengine. Hukuwaambia?"

"Nimewaambia."

"Leo. Mimi nauliza zamani, ulipokuwa ukiwaandikia maneno. Si wewe uliyewaandikia? Hata mimi ulinikalisha siku nzima kwa maneno ya jikoni."

"Niliwaandikia mangi, Mama," alisema Huwaida. "Hilo nalilisahau."

Bi Rahima hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alimpa zile ndara tu, akamwambia ampe nduguye, asipande boti ya watu bila viatu, kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta na kuanza kusoma dua aliyoijua. Huwaida alibaki na ndara mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, ana cheti, ana mshahara, ana kitambulisho cha serikali shingoni, na hakuweza kumtoa mdogo wake katika chumba kilicho hatua ishirini kutoka mezani pake.

Lakini tumaini halina adabu, huingia hata lisipoitwa. Akiwa anazunguka pale ukumbini, alianza kujiambia kwamba Husni si mjinga. Ataulizwa, ataona jinsi askari wanavyomtazama, atang'amua. Husikiliza redio, husikia habari za watekaji. Atasema hapana. Neno fupi, halihitaji kamusi.

Saa nane kasoro robo Bi Nerea alimwita. Tevin alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuinua macho. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri, mviringo, wa askari mwenye subira aliyeandika kila neno kama alivyolisikia.

"Sikupaswa kukuonyesha," alisema Bi Nerea. "Lakini nimeona ni haki yako kujua, kabla maelezo haya hayajaondoka naye."

Huwaida aliketi, ndara akaziweka mapajani, akasoma.

Swali: Je, ulisema kwamba leo mtamteka mgeni?

Jibu: Naam, nalisema.

Swali: Ulikuwa na kusudi hilo kweli, au ulikuwa ukisema tu?

Jibu: Wallahi nilikuwa nalo. Ni nani angejizuia?

Swali: Je, mlishawahi kumteka kabla ya leo?

Jibu: Yana. Tulikuwa watu sita. Tulimteka tangu jetini hata mlangoni pake.

Swali: Yeye alifanya nini?

Jibu: Alikasirika. Lakini angelijiona mwenyewe, hata yeye angelijiteka.

Swali: Je, unajuta?

Jibu: Naam, najuta. Mgeni ni wa kuheshimiwa, na mama angeyua angenigombeza. Naomba radhi. Nikimwona tena nitajitahidi nisimteke, ila akiwa juu ya punda sijiamini.

Chini palikuwa na sahihi ya Husni, herufi nzuri zilizoshikana kama uzi wa kofia. Alikuwa amejibu kila swali kwa ukweli mtupu, kama walivyolelewa. Alidhani ameitwa kwa kosa la utovu wa adabu, akaona aibu, akaomba msamaha kama mtu muungwana.

Huwaida alilirudia jibu la nne. Hata yeye angelijiteka. Aliisikia katika sauti ya nduguye, na alimwona yule askari mwenye mwandiko mzuri akiinamia karatasi, akiandika kwa makini kwamba kuna mtu katika dunia hii ambaye angejinyakua mwenyewe kwa nguvu na kujipeleka asikotaka kwenda. Alijaribu kuwaza jambo jingine. Aliwaza siku thelathini. Aliwaza mamake ukutani. Haikusaidia kitu, vilizidi kupanda, kicheko na uchungu vimeshikana hata hakujua kipi ni kipi. Akaibana midomo. Mkono ukapanda wenyewe ukafunika kinywa. Mabega yakaanza.

"Bi Huwaida?" alisema Bi Nerea.

Machozi yalimtiririka, mapajani ndara zikacheza, zikaanguka chini. Mwili mzima ulikuwa ukitikisika, na sauti hapana. Nje, boti iliwasha mashine.

Juu ya mlango, katikati ya maua ya plastiki, taa ya kijani ilizimika. Ikawaka ya manjano. Bi Nerea aliitazama, Tevin akaitazama. Kisha ikawaka nyekundu.

"Weka mikono yako mezani, tafadhali," alisema Bi Nerea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ingawa ni yeye yule aliyekuwa akimwamini tangu asubuhi.

"Huwaida, sema kitu," Tevin alinong'ona. "Sema tu unafanya nini. Inasikia."

Huwaida aliiweka mikono mezani. Alilitafuta lile neno la bara, la vitabuni, alilokuwa akiliandika katika mitihani tangu darasa la kwanza na kupata vyema. Alilitafuta kwa nguvu zake zote na halikuja.

"Nateka," alisema. "Nateka tu."